Nani Alimshika Imran

Bi Zuhura amefariki, na kazi niliyopewa mimi kwenye khitma yake ni kuosha mchele. Mchele ulikuwa mwingi, ungeumwaga barabarani pale Hodge Hill, Birmingham, watu wangedhani theluji imeanguka na shule zingefungwa. Nimesimama kwenye sinki, mikono imekufa ganzi kwa maji, akaingia Imran kutafuta sufuria kubwa. Imran siku hizi ni mrefu mpaka mlango wa jiko anauinamia kama anausalimia. Wajukuu wote wa Bi Zuhura Kiswahili wanakisikia vizuri, lakini kujibu wanajibu kwa Kiingereza, na huyu ndiye kinara wao. Akaniuliza, "Aunty, is it true I couldn't walk?" Nikamwambia kweli kabisa, nyonga yako ilitoka nyumbani kwake ikaenda kutembea, mguu ukabaki unaning'inia kama wa mwanasesere. Akacheka. "You're making it up again," akabeba sufuria akaenda zake. Nikabaki na mchele wangu, uso unaniwaka. Simlaumu. Mimi najulikana, nikiona paka bustanini, nikiingia ndani nimeshaona chui. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo haya nayaandika kama ninavyoyazungumza, na chumvi naongeza kidogo. Lakini mwaka ule wa nyonga ya Imran una jambo ambalo kila nikilikumbuka naona haya, hata nikiwa peke yangu kwenye basi najivutia mtandio usoni. Si haya ya kuiba wala ya kumtukana mtu. Ni ile haya ya kujua mwenzio kakubebea mzigo wako mbele za watu, na wewe uko jikoni unakaanga kaimati.

Tulikuwa tunakaa nyumbani kwa Bi Zuhura, mama mkwe wangu. Mimi na mume wangu Seif tulipewa chumba cha mbele juu, kidogo hivi kwamba ukitaka kugeuka kitandani lazima umwombe mwenzio ruhusa. Chumba cha nyuma alilala wifi yangu Rukia na mwanawe Imran. Bi Zuhura mwenyewe alilala chini, karibu na jiko, ili asikie nani kafungua friji. Imran alikuwa hajatimiza miaka miwili, na mwaka ule alikuwa amevalishwa plasta kuanzia kiunoni mpaka mguuni, suruali ya saruji, tukimbeba tunambeba kama meza. Plasta ilipotolewa, daktari alitaka apigwe eksirei aone kama nyonga imekaa kwenye kikombe chake, halafu apigwe nyingine baada ya miezi kadhaa. Sasa watu wetu na picha mnawajua. Mtu akirudi hospitali, hawaulizi kapewa dawa gani, wanauliza, "Wamempiga picha?" Ukisema hapana, wanakutazama kama umetoka harusini bila kula pilau. Ijumaa ikifika, sebule ya Bi Zuhura inajaa wanawake, na swali ndilo hilo hilo, wanalizungusha pamoja na sahani.

Na mimi nilikuwa na langu. Mwaka uliotangulia nilipata ujauzito wa kwanza, nikautangaza kama mgombea ubunge. Tumbo halijaonekana, dereva wa basi ameshajua. Wanawake wakaja na vikofia, sabuni, mafuta ya nazi. Halafu ukatoka. Wale wale wakarudi, safari hii na pole. Mama Faudhia wa Acocks Green, mwanamke mwema tu ila mdomo wake hauna mlango, aliniuliza mbele ya watu nilikuwa nakula nini. Mwingine akauliza nilibeba kitu gani kizito. Nilimjibu kila mmoja, kwa adabu, kama mwizi aliyekamatwa anaonyesha dirisha aliloingilia. Kwa hiyo wa pili ulipoingia nikafunga mdomo. Seif alijua, basi. Nilivaa madera mapana ambayo familia nzima ingeweza kujificha humo mvua ikinyesha. Nilikuwa nasikia harufu ya kitunguu kinachokaangwa Erdington mimi nikiwa Hodge Hill, natabasamu, nasema mafua tu haya. Bi Zuhura sikumwambia. Kwetu jambo hilo halitajwi mpaka tumbo lenyewe litangulie mlangoni, na mimi nilikuwa na sababu zaidi ya hiyo. Nilitaka, kama ni kupotea tena, lipotee bila wageni.

Siku ya eksirei Rukia alinyimwa ruhusa kazini, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa anafanya kazi. Akanikabidhi mtoto mlangoni. "Wifi, nakuomba. Ni kwenda na kurudi." Bi Zuhura akasema naye anakuja, akavaa buibui lake la kutokea, akabeba chupa ya chai na chapati, utadhani tunahama nchi. Aliyetupokea kwenye chumba cha picha alikuwa kijana wa Kikenya, Wafula, viatu vya mpira vya kijani miguuni. Aliposikia tunavyozungumza akafurahi kama kaona majirani zao.

"Karibuni, karibuni. Imran, niaje? Mkono iko wapi? Gota hapa." Akamnyooshea ngumi agonge na yake.

Bi Zuhura hakungoja. "Mwanangu, kwa kuwa tumeshafika na baridi yote hii, mpige na kifua. Na kichwa pia, alianguka juzi kwenye ngazi."

"Mama, hii sio studio," Wafula akasema, anacheka. "Napiga tu penye daktari ameomba. Hii miale ni kidogo sana, lakini mtoto bado anakua, na bado atapigwa zingine. Picha yenye haina kazi ni kumuongezea miale bure."

"Ya bure si ndiyo nzuri."

"Si hii, Mama."

Akatueleza kazi inavyokwenda. Imran atalala chali, miguu imenyooshwa, mtu mmoja amshike magoti asisogee. Picha itapigwa moja. Mtoto akitikisika, picha inaharibika, inabidi kurudia, na kurudia ndiko alikokuwa hakutaki yule kijana, alikutaja kama mtu anavyotaja jina la mkwe aliyekosana naye. Anayeshika anavaa koti la risasi, koti zito la kuzuia miale. Akalitoa kwenye ndoano, akanijia nalo mimi, maana ndiye niliyekuwa kijana, na mama mkwe wangu bega lake moja lilikuwa bovu tangu zamani.

"Auntie, ni wewe utamshika? Basi nikuulize kwanza. Uko na mimba? Ama kuna vile unaweza kuwa nayo?"

Sijui kama mnanielewa. Kwetu hata mumeo mwenyewe jambo hilo halitaji hivyo. Anasema "hali yako", huku anatazama ukuta. Huyu kijana wa kiume, simjui, kalitaja kwa sauti ile ile ya kuuliza kama nimekuja na basi, na mama mkwe wangu kasimama hapo na chupa ya chai mkononi. Damu yote ya mwili ilinipanda usoni. Nikatazama chini. Sakafu ilikuwa ya plastiki ya kijivu yenye vidoti, mpaka leo naweza kuichora. Neno "hapana" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa neno dogo, jepesi, lingenivalisha koti, lingempa Wafula kazi yake, lingefunga mjadala. Na nilijiambia, koti si lipo? Si la risasi lile?

Wafula aliuona ule ukimya. Akashusha sauti. "Siulizi kwa ubaya, Auntie. Mtoto wa tumboni pia ni mtoto. Siwezi nikamlinda huyu hapa mezani, alafu nimweke mwingine kando ya mashine na mwenyewe hajui."

"Ndiyo," nikasema, kwa sauti ya sisimizi.

"Sorry?"

Nikalazimika kulisema tena. Mara ya pili lilitoka kwa nguvu kuliko nilivyotaka, nadhani walinisikia mpaka mapokezi. Bi Zuhura hakugeuka kunitazama. Aliweka chupa ya chai kwenye kiti, akavua buibui, akalikunja vizuri, akanyoosha mikono kwa Wafula. "Nipe hilo koti." Mimi nikatolewa nje, mlango mzito ukafungwa, nikakaa kwenye benchi na chapati zetu. Ndani Imran alilia kilio cha kubomoa jengo. Nilikuwa namsikia Wafula, "Bado, Mama. Sibonyezi akilia hivi. Tutulie." Nikamsikia Bi Zuhura, mwanamke niliyekuwa namwogopa kuliko polisi, anamwimbia mtoto kwa sauti iliyopasuka. Watu kwenye benchi walikuwa wanatazama saa ya ukutani, mmoja mwenye mkono uliofungwa alipumua kwa nguvu mara kwa mara ili sote tujue anangoja. Wafula hakubonyeza mpaka kilio kikaisha. Kisha ikasikika sauti ndogo kama swichi ya taa, na mlango ukafunguliwa. "Moja tu. Imetoka poa." Bi Zuhura alitoka ameshika bega. Kwenye basi alinipa chapati, akasema, "Kula." Hakusema kingine mpaka nyumbani, na mimi sikuweza kumtazama, nilikula ile chapati nimeelekea dirishani kama mtoto aliyefumwa na sukari.

Ijumaa sebule ikajaa. Mimi jikoni nakaanga kaimati, mlango uko wazi kidogo. Nikamsikia Mama Faudhia anauliza, "Wamempiga picha?" Akajibiwa wamempiga. Akauliza, "Na bega hilo? Mbona unanuka dawa ya kuchua?"

"Nilimshika Imran."

"Wewe? Na huyo mkwe wako kijana alikuwa wapi?"

Nilijua limefika. Wanawake wale wangeweza kunusa ujauzito kwenye simu. Kulikuwa na jibu moja tu la swali lile, na wakishalipata wangeingia jikoni kunishika tumbo. Mafuta yakanirukia mkononi, sikuyasikia. Sasa mnapaswa kumjua Bi Zuhura. Alikuwa mwanamke wa heshima nzito. Ndoa zikitetereka, anaitwa yeye. Mtu hajapata kumwona meno anapocheka, kama anacheka. Nikamsikia anaanza kwa sauti nisiyoijua.

"Nilikataa mimi mwenyewe. Nimeshika watoto maisha yangu yote, leo nishikiwe mjukuu? Nikamwambia yule kijana, lete koti. Akanitazama, Mkenya yule, akaniuliza, 'Mama, uko na mimba?'" Akamwiga kabisa. "Nikamwambia mwanangu, kama ninayo, mpelekeeni salamu mume wangu Mzee Hamadi kaburini kwake Tanga, mwambieni kazi aliyoiacha imejimaliza."

Sebule ilianguka. Mama Faudhia alicheka mpaka akavua miwani. Mtu alipiga paja, kikombe kikamwagika. Wakasahau kuniulizia. Na ile hadithi ikaondoka kwenda zake, ikapita Birmingham nzima, nasikia ilifika mpaka Leicester na kurudi imenenepa. Harusini wanawake wadogo kuliko mabinti zake walikuwa wanamshika tumbo Bi Zuhura. "Miezi mingapi sasa?" Naye anajibu, "Karibu, nunueni khanga." Akishajibu anakaza uso, anatengeneza mtandio, anatazama mbele. Mimi napita na sinia. Wengine wanaona aibu kwa vitu walivyovifanya. Mimi niliona aibu kwa kila kicheko nilichokisikia mwaka ule, maana kila kimoja kilikuwa changu, yeye anakipokea.

Na ule ujauzito wa pili nao ukatoka. Kulipoanza kupata joto, asubuhi, bafuni. Hapo sitii chumvi hata punje. Seif alikuwa kazini. Bi Zuhura aligonga mlango, akaingia bila kuambiwa karibu, akafanya kila kilichotakiwa, akapiga simu, akanisindikiza, akanirudisha. Wageni waliambiwa nina mafua. Hakuna aliyekuja na pole, hakuna aliyeniuliza nilikula nini. Uji aliuleta yeye, wenye pilipili manga, anauweka mezani na kusimama hapo mpaka nimalize. Siku moja nimelala juu, nikamsikia Seif chini anasema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria siku nyingi, "Mama, lakini si alikwenda kule kwenye mashine ya eksirei?" Nikasikia kijiko kimewekwa mezani.

"Hakuingia. Aliulizwa, akasema kweli, akatolewa nje, na mlango ukafungwa mimi nikiwepo. Hilo usilitaje tena maisha yako."

Nililia pale kuliko nilivyolia bafuni. Kwa sababu nililijua lile neno lililokuwa limefika kwenye meno. Ningelitoa, ningeingia, labda isingekuwa kitu, koti lingezuia, Wafula mwenyewe alisema miale ni kidogo. Lakini Seif angeuliza, na mimi ningejiuliza, mpaka leo hii nikiwa naosha mchele ningekuwa najiuliza. Swali lililoniumbua mbele ya mama mkwe wangu ndilo lililoniachia mahali pa kusimama. Nilipolielewa hilo sikuona nafuu. Niliona haya zaidi, maana nilikuwa nimemchukia yule kijana miezi yote ile.

Tukarudi kwa picha ya pili wakati wa joto. Wafula alikuwepo, viatu vile vile. Safari hii alisimama mlangoni kabla hatujaingia. "Mama, wewe ngoja hapa kidogo, nitakuita." Akafunga mlango, tukabaki mimi na yeye na Imran anayetafuna mnyororo wa mkoba wangu. Akauliza polepole, anatazama kiti. "Samahani, Auntie. Lazima niulize kila mtu, kila saa."

"Hapana," nikasema. "Sina."

Akanitazama. Kuhesabu miezi anajua, na mikononi nilikuwa na Imran peke yake. Akasema, "Pole sana, Auntie." Ilikuwa pole ya kwanza niliyoipata kutoka nje ya nyumba ile, na nilitaka kumrudishia, nimwambie aiweke. Akanivalisha koti. Zito, mama yangu, zito kama kubeba ng'ombe na ndama wake. Likakaa tumboni kwangu linalinda mahali pasipo na mtu. Imran alipolazwa mezani akaanza kufungua mdomo, nikamwahi. Nikamwambia ile taa juu ni jicho la tembo amelala, mjukuu wa tembo wa Mkomazi, amekuja Birmingham kwa miguu amechoka. Ukitikisika ataamka, akiamka atataka chapati zote za bibi. Mtoto akakodoa macho, mdomo wazi, magoti yametulia mikononi mwangu. Wafula akaupunguza mwanga wa mashine mpaka ukabaki mraba mdogo juu ya nyonga tu, akaenda nyuma ya kioo. Swichi. Moja. Hata machozi hayajaanza.

"Wamepiga ngapi?" Bi Zuhura akauliza nje.

"Moja."

Hakuomba kifua wala kichwa. Kwenye basi, Imran kasinzia mapajani mwake, akasema bila kunitazama, "Ijumaa wakiuliza, nimemshika mimi."

Ijumaa wakauliza. Daktari alikuwa ameshatupigia kusema nyonga imekaa vizuri, kwa hiyo kulikuwa na furaha na kaimati nyingi, na Mama Faudhia akaanza hata kabla hajameza. "Haya, Bi Zuhura, tuambie. Safari hii nani alimshika? Usiniambie wamekuuliza tena." Wengine wameshaanza kucheka, wanamgeukia, wanangoja wapewe tena Mzee Hamadi wake wa kaburini. Nilimwona akitengeneza mtandio. Nilimwona anavuta pumzi kama mtu anayeinua ndoo.

"Mimi," nikasema. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. "Nilimshika mimi."

Wakanigeukia wote. Macho yalishuka kwenye dera langu, yakakaa hapo, yakapima. Nikawaona wanapata jibu: mara ile nilikuwa nayo, sasa sina. Uso ulikuwa unaniwaka, ungeweza kuchemsha ile chai upya. Nikaweka sinia mezani, nikawaambia koti walilonivalisha lilikuwa zito kiasi kwamba walilileta kwa winchi, wanaume wanne wakashika pembe, na mmoja mpaka leo yuko wodini kwa mgongo. Mama Faudhia akanitazama kidogo zaidi, kisha akacheka, na wengine wakacheka. Safari hii kicheko nilikipokea mwenyewe.

Bi Zuhura hakucheka. Aliweka kikombe chake mezani. Kisha akakusanya buibui lake upande wake, akasogea kwenye kochi, akapiga kwa kiganja mahali palipobaki wazi.